Hatari Tatu kati ya Kumi na Mbili

Mlango wa saba ulitukatalia kwa adabu, kwa mara ya tano asubuhi ile.

"Samahani, Mzee Anandumi. Hatari hii haimo katika bima yako. Tunakutakia safari njema."

"Safari njema ya wapi?" nikaufokea. Mwalimu mzima, nimefundisha Hisabati darasa la saba miaka thelathini na mmoja, nasimama kwenye korido ya meli nagombana na mlango. Lakini ungefanya nini? Ulikuwa ndio mlango pekee uliobaki wa kugombana nao.

Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, mikono yote miwili tumboni, jasho linamtiririka ilhali nje ya meli kulikuwa na barafu. Bangili yake iliwaka nyekundu. Nyuma ya kioo cha mlango niliona kitanda cha upasuaji kimetandikwa shuka jeupe, na juu yake mikono ya chuma ya mashine imekunjwa, haina kazi. Hatua kumi tu. Ningeweza kumbeba mgongoni.

Daktari wa ukutani alikuwa ameshampima kule chumbani kwetu. Daktari huyo si mtu, ni kioo kilichobandikwa karibu na kitanda. Unakiwekea kiganja, kinasikiliza moyo na damu, kisha kinasema ugonjwa bila kukuficha. Kilisema kidole tumbo kimepasuka, usaha unaenea. Kilisema bila upasuaji mgonjwa ana siku mbili. Halafu kikauliza kama tungependa kusikiliza muziki.

"Twende tukalale, Mama Haika," mume wangu alisema. "Unawachosha watu."

Hapakuwa na watu. Palikuwa na mimi, yeye na ule mlango. Nikamshika kwapani tukarudi polepole.

*

Kosa ni langu, na nitalieleza kama lilivyokuwa.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yetu Haika, kwa kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Wiki tatu ndani ya meli iitwayo Tulivu, kwenda kusini kabisa kuiangalia barafu kabla haijakwisha. Sisi watu wa Rombo tumeshuhudia ya mlima wetu ikiisha tukiwa watoto, kwa hiyo Haika aliona tusikose hii nyingine. Tiketi alilipa yeye. Bima akatuachia sisi, kwa sababu alijua nitagombana naye nikichaguliwa.

Bima kamili ilikuwa na hatari kumi na mbili na bei yake ilizidi tiketi. Bima ya kikomo ilikupa hatari tatu tu, uchague mwenyewe. Nilikaa mezani na miwani yangu na karatasi ya mraba, kama ninavyofanya kwa kila jambo.

"Chukua ugonjwa wa ghafla," mume wangu alisema, akimenya ndizi.

"Una ugonjwa gani wewe? Juzi umepanda mti kukata matawi."

"Ndiyo maana ukaitwa wa ghafla."

"Na ukifa huko? Watakutupa majini, Baba Haika. Kule sheria ni siku tatu, kisha baharini. Nirudi hapa na sanduku la nguo niwaambie nini ndugu zako?"

Akaendelea kumenya ndizi. Kwetu mtu hazikwi popote. Babu yake yuko nyuma ya migomba, baba yake yuko pembeni ya babu, na nafasi yake mwenyewe ilikuwa imeshapimwa kwa macho. Watu wamechangishana ukoo mzima kumtoa maiti ng'ambo, na hakuna aliyewahi kuona ni wazimu. Nikaweka alama kwenye kusafirisha mwili, ya kwanza kabisa, miezi mitatu kabla ya safari. Ya pili nikachukua safari kuahirishwa. Ya tatu mizigo kupotea, kwa ajili ya vitenge vyangu vipya. Sasa hivi nikivifikiria vile vitenge natamani kuvichoma moto.

Nilipiga hesabu ya kufa, sikupiga hesabu kwamba kabla ya kufa mtu huugua. Mwanafunzi angeniletea jibu kama hilo ningempa sifuri na kumwita mzazi.

Melini, bima si karatasi. Imo ndani ya bangili, na bangili ndiyo ufunguo na ndiyo simu. Kila mlango, kila chupa ya dawa, kila mashua ya kuokolea inamjua mtu kwa hatari alizochagua. Meli ikivuka latitudo ya arobaini kusini, bima hufungwa, hakuna kuongeza wala kubadilisha, la sivyo kila mtu angengoja augue ndipo anunue. Baba yake alipougua, Haika aliipigia kampuni simu akilia, akasema atauza kiwanja. Sauti ya mashine ikamsikiliza mpaka mwisho, ikamjibu kwamba hatari hii haikuchaguliwa.

*

Nesi aliingia chumbani kwetu saa nane mchana. Jina lake Biubwa, mtu wa Pemba, mwembamba, na ndiye binadamu pekee katika hospitali ile. Kazi nyingine zote ni za mashine. Alifunga mlango kwa kitasa, akavua bangili yake, akaifunika na mto.

"Mama'angu, nisikilize vizuri maana sitasema mara mbili," alisema. "Mumeo hana bima ya kutibiwa. Lakini ana bima ya kufa."

"Najua. Niliichagua mimi."

"Basi tuitumie hiyo."

Alitoa mfukoni kichupa kidogo na sindano. Dawa ya usingizi wa baridi, alisema. Madaktari huitumia kwenye upasuaji mkubwa: moyo unapungua mpaka kupiga mara moja kwa dakika, mwili unapoa, mtu hahitaji pumzi ya maana. Kichupa hicho kiliwekwa kwa ajili ya abiria wa daraja la kwanza aliyefuta safari dakika ya mwisho, na mashine zikakisahau. Daktari wa ukutani hajui kuusikia moyo mpole kiasi hicho. Angengoja dakika kumi, angemwandika marehemu, na palepale Tai angeitwa.

Tai ni ndege isiyo na rubani, inayokuja kuchukua maiti wenye bima. Ndani yake mna sanduku moja la baridi na basi. Saa tisa angani hadi bandari ya kusini.

"Kule mochwari ya hospitali, mapokezi yupo mwenzangu," Biubwa alisema. "Atamtoa kwenye sanduku na kumpeleka chumba cha upasuaji. Mtu akishakuwa hospitalini anafufuka, watamkataa vipi?"

"Atafufuka?"

"Nusu kwa nusu. Sikudanganyi. Na akifufuka watajua ni mimi. Kazi hii nimeshaichoka, hilo niachie mwenyewe."

Mume wangu alicheka, kisha akajuta kucheka, akajikunja. "Yaani nife ili nitibiwe," alisema. "Nchi imeendelea kweli."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa furaha. Nilimshika nesi mikono nikaibusu. Akaivuta.

"Ipo kasoro, mama. Tai anakuja kesho asubuhi, na ameshaitwa na mtu. Ana nafasi moja. Mwingine hawezi kufika kabla ya siku sita."

Nilijua mara moja ni nani. Jana yake, wakati wa chai, bibi mmoja wa Kihaya, Ma Kokushubira, aliinama juu ya kikombe chake asiinuke tena. Alikuwa na mwanawe, Rwechungura, fundi wa umeme wa jua kutoka Muleba, mtu wa miaka arobaini na kitu. Tulikaa nao meza moja tangu siku ya kwanza. Bima yao ilikuwa ya kikomo kama yetu, na hatari yao ya kwanza ilikuwa kama yetu. Wao nao wana migomba yao, na makaburi yao chini yake.

"Maiti wakiwa wawili," Biubwa alisema, "mashine inamtanguliza mwenye bima ya zamani. Wao walikata wiki moja kabla ya safari. Nyinyi?"

"Miezi mitatu."

"Basi mzee atapita mbele. Haimuulizi mtu. Na yule bibi siku zake tatu zitaisha keshokutwa."

 Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba tukikaa watatu magoti yanagusana, na hakuna aliyekuwa na pa kutazama.

"Mwambieni," mume wangu alisema mwishowe. "Yule kijana. Mwambie kwanza, Mama Haika. Akikubali, nichomeni hiyo sindano. Akikataa sipandi. Siwezi kumtupa mama wa mtu majini kwa kumwibia foleni."

"Baba Haika, yule bibi ameshakufa!"

"Na wewe ulichagua nini kule mezani?"

*

Rwechungura alikuwa ameketi nyuma ya mlango wa saba. Bima ya mama yake ilimruhusu kukaa humo, kwenye benchi mbele ya chumba cha baridi. Mimi mlango haukunitambua. Tukazungumza kupitia vitundu vya sauti chini ya kioo. Yeye akapiga magoti upande wake, mimi upande wangu, kwa magoti haya yenye baridi yabisi.

"Mwalimu, shikamoo. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hali yake mbaya."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama ninavyofundisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasogeza mdomo kwenye vitundu.

"Unaniuliza au unaniarifu?" alisema.

"Nakuuliza."

"Ingekuwa ni mama yako, Mwalimu?"

Ningeweza kumdanganya hapo, lakini nilikuwa bado mtu mkweli. "Ningekataa," nikasema.

"Mimi ndiye niliyemleta," alisema. "Dada zangu walikataa. Walisema mama ana miaka themanini na moja, barafu ya nini? Nikasema nitamrudisha salama. Kibanjani, kwenye migomba yetu, pameshafyekwa, Mwalimu. Wamenitumia picha asubuhi hii. Kaka yake mama amekaa pale na jembe lake, anangoja aambiwe saa ngapi aanze kuchimba. Nitarudi nimshikishe nini mkononi?"

"Mume wangu yu hai, mwanangu."

"Najua yu hai. Namwombea. Lakini hapana." Alifuta uso kwa kiganja. "Nisamehe. Hapana. Mama yangu hatupwi."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo lilinikata zaidi. Maneno yote aliyoyasema nilikuwa nimeyasema mimi, mezani kwangu, nikiwa nimevaa miwani.  Niliinuka kwa kushika ukuta.

*

Korido kutoka mlango wa saba hadi chumba chetu ina milango kumi na minane, na yote ilikuwa imefungwa. Nilitembea nikiihesabu ili nisifikiri. Nilipofika, mume wangu alikuwa amegeuka rangi ya majivu na midomo imemkauka. Biubwa alikuwa tayari na sindano mkononi.

"Amesemaje?" mume wangu aliuliza.

"Amekubali," nikasema.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikalifuata. "Amesema mama yake alikuwa mtu wa huruma, na yeye mwenyewe angekubali."

Alinitazama. Miaka hamsini tumetazamana, na sikuwahi kuona mtazamo mrefu hivyo.

"Mshukuru sana," akasema, na akanyoosha mkono kwa nesi.

Nilimshika mkono wa pili. Ulipoa kidole kimoja baada ya kingine. Nilimwita jina lake la ujana, jina ambalo hata Haika halijui, na hakuitika. Dakika kumi zilipotimia, kioo cha ukutani kikazima taa yake nyekundu, kikasema: "Pole kwa msiba, Mama Anandumi. Mwili utasafirishwa kwa mujibu wa hatari namba moja." Nililia. Biubwa alinong'ona kwamba nafanya vizuri, niendelee kulia, akidhani naigiza.

Asubuhi tulimpeleka. Mlango ule uliomkataa mgonjwa ulimfungukia marehemu kabla hata hatujaufikia, na mimi ukanipitisha nyuma yake. Sanduku la Tai lilibebwa na watu wanne: mabaharia watatu, na wa nne alikuwa Rwechungura. Alikuja mwenyewe akashika kona ya kichwani.  Ofisa wa meli alikuwa pale na kibao chake cha kusainisha. Neno moja tu kutoka kwa huyu fundi wa Muleba, na sanduku lingefunguliwa hapohapo.

Alikuwa amefumbua mdomo. Niliona. Kisha akaufumba, akaliinua sanduku pamoja na wenzake mpaka ndani ya Tai, na akasimama pembeni, hakunitazama, mpaka ndege ikawa nukta juu ya barafu.

*

Ma Kokushubira alipelekwa majini siku iliyofuata, saa nne asubuhi, jua limewaka kwenye sitaha ya nyuma. Abiria kama thelathini walikuja na majaketi yao mazito. Mtu mmoja alisali. Mwili ulikuwa umeshonwa ndani ya turubai nyeupe, umelazwa juu ya ubao.

Nilisimama mbali, karibu na kamba. Sikuwa na haki ya kusogea. Wale abiria walinipisha kwa heshima, wakinipa pole, wakidhani mjane na mfiwa mwenzake tumekuja kufarijiana.

Rwechungura mwenyewe ndiye aliyeinua ubao. Sauti ya mwili kugusa maji haikuwa kubwa. Alibaki ameshika ubao mtupu kwa muda, mpaka baharia akamnyang'anya taratibu.

Bangili yangu ikatetemeka. Sikuitazama. Ikatetemeka tena. Rwechungura alisikia, akaja akasimama mbele yangu.

"Soma," alisema.

"Baadaye, mwanangu."

"Soma sasa. Nataka kujua mama yangu ameondoka kwa ajili ya nini."

Nikasoma kwa sauti. Ulikuwa ujumbe wa Haika, aliyekuwa amepanda ndege kwenda kumpokea baba yake bandari ya kusini: "Mama, wamemaliza kumpasua. Amefumbua macho. Ameomba maji na amenitambua. Anasema umshukuru tena yule kijana kwa moyo aliouonyesha."

Furaha ilinipanda, nikashindwa kuitoa mbele ya mtu yule. Nilitamani kuruka, nilitamani pia meli ipasuke nizame. Yeye alikuwa anafikiri, uso umekunjana.

"Moyo niliouonyesha," alisema. "Ulimwambia nilikubali?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Asingepanda."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, wale wengine wasisikie:

"Jana nilishika lile sanduku nikasema sasa nasema. Mdomo ukakataa. Sijui ni huruma au ni woga, sijui. Lakini kukubali sikukubali, Mwalimu. Nikifika nyumbani, mjomba na lile jembe lake ataniuliza nani alitoa ruhusa mama atupwe. Sitaki jibu liwe mimi. Na sitaki kuwe na mzee huko Rombo anayenishukuru kwa kitu ambacho sikutoa. Mama yangu hakutolewa. Amechukuliwa. Mwambie mumeo hivyo."

"Ataniacha," nikasema. "Humjui. Amenusurika jana tu, kidonda chake bado kibichi, nitamwambiaje neno kama hilo?"

"Mwambie hapa. Nikiona."

Hakuninyooshea kidole wala hakupaza sauti. Angetukana ningejua la kufanya. Nilitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Palikuwa na maji tu pande zote, na siku tano za safari, na meza ya kulia chakula ambayo ningekaa naye kila siku. Nikaisogeza bangili mdomoni.

"Haika, mpe baba yako asikie," nikasema. "Baba Haika, nilikudanganya. Yule kijana alikataa. Nilimuuliza akakataa, nami nikakuambia amekubali kwa sababu nilitaka uishi. Mama yake ametupwa leo. Amenituma nikuambie kwamba hakukutolea nafasi, tulimnyang'anya."

Nikautuma. Tulisimama, mimi na Rwechungura, upepo unatupiga usoni, abiria wakishuka ndani kwenda kunywa kitu cha moto. Jibu lilichelewa. Akilini nilimwona mume wangu kitandani kule ng'ambo akigeukia ukuta, akimwambia binti yetu asinitaje tena.

Bangili ikatetemeka. Nilisoma peke yangu kwanza, nikarudia.

"Anasemaje?" Rwechungura aliuliza.

Nikamsomea, neno kwa neno: "Nilijua tangu ulipoingia chumbani, Mama Haika. Nilikutuma ukamuulize ili nisiwe mwizi. Nilipoona amekataa, nikanyoosha mkono. Mwambie kijana mwizi ni mimi, na huyo mjomba wake nitakwenda kumjibu mwenyewe."